ANAYETAKA KUJIBIWA, NA AJIBU KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika makala hii tutaeleza jambo linalowasumbua wengi wetu tunaojifunza kuandika: mwandishi mchanga, asiyejulikana na mtu, atawapataje wasomaji? Jibu tulilolipata ni fupi, lakini ilituchukua muda kulikubali. Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe.

Gazeti lisilosomwa

Tulipewa ubao mmoja hapa madrasa, Bukoba, tukaanzisha gazeti la ukutani. Kila Ijumaa tulibandika karatasi nne: habari, visa, mafunzo na chemshabongo. Ijumaa ya kwanza watu walijaa mbele ya ubao, maana kipya kinyemi. Ijumaa ya tano waliolisoma walikuwa wale wale walioliandika. Siku moja upepo wa ziwani uliirarua karatasi, ikaanguka uani, na hakuna aliyeuliza ilikuwa na nini.

Mwenzetu mmoja, mwenye hati nzuri kuliko sisi sote, alikuwa ameandika kisa cha bibi yake aliyepoteza migomba yake kwa ugonjwa wa mnyauko. Alipoona hakuna mtu aliyemwambia neno, akasema haandiki tena. Wakati huohuo wazazi walianza kuuliza, na walikuwa na haki, kwa nini ubao ule usirudishwe kwa darasa la watoto wadogo wanaokaa bila ubao.

Tukaenda kwa ustadh kulalamika kwamba watu hawapendi kusoma. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, wenzenu wa Muleba nao wana gazeti lao ukutani. Nani kati yenu amelisoma?" Tukatazamana. Akasema: "Basi mnangoja wageni, na ninyi wenyewe hamjapiga hodi kwa mtu."

Neno lile lilituuma kwa sababu lilikuwa kweli. Sote tulikuwa wasemaji, na hakuna aliyekuwa msikilizaji. Nasi tumefundishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 86, kwamba tukisalimiwa turudishe salamu iliyo bora zaidi, au japo mfano wake. Mtu aliyeandika amekwisha kutoa salamu, na kumjibu ni kumrudishia. Wenzetu wa Muleba walikuwa wametusalimia siku nyingi, sisi tukapita bila kuitika.

Si jambo jipya

Tulipochunguza zaidi tuliona kwamba njia hii ni ya wazee wetu. Tutataja mifano mitatu.

Kwanza ni vitabu vya fiqhi. Wanafunzi wakubwa wanajua kwamba kitabu cha asili huitwa matini, maelezo yake huitwa sharhi, na maelezo yanayoandikwa pembeni huitwa hashiya. Chukua Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia). Kitabu hicho kinategemewa sana katika madhehebu ya Shafii, lakini chenyewe kilianzia kwenye kitabu cha mwingine: Imam Nawawi alifupisha Muharrar cha Imam Rafii na kukisahihisha alipoona panahitajika. Baadaye Ibn Hajar al-Haytami akakiandikia Minhaj sharhi iitwayo Tuhfa, na waliomfuata wakaiandikia Tuhfa hashiya. Kila mmoja aliingia kwa mlango wa kitabu cha mwenzake, akaongeza alichokuwa nacho. Msomaji wa kitabu cha kwanza akawa msomaji wa cha pili.

Pili ni ushairi wa pwani. Upo utungo uitwao takhmisi, neno linalotokana na tano kwa Kiarabu. Mshairi huchukua ubeti wa mwenzake wenye mishororo miwili, akautangulizia mishororo mitatu yake, ikawa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, ananasibishwa na takhmisi ya beti za Fumo Liyongo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, naye alijibizana kwa mashairi na washairi wa miji mingine katika siasa za zama zake. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu, zikaja kukusanywa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 zikachapishwa kuwa diwani. Watu huhifadhi shairi la majibizano kwa sababu wanataka kujua yule wa pili alisemaje.

Tatu ni magazeti. Mwaka 1923 lilianzishwa Dar es Salaam gazeti la Mambo Leo. Ndani yake watu wa kila upande wa nchi walipeleka barua na mashairi, na mshairi mmoja akiuliza, wengine walimjibu katika matoleo yaliyofuata. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mmoja wa waliotoa mashairi yao humo kabla ya vitabu vyake kujulikana. Mtu wa mbali asiye na kitabu aliweza kujulikana kwa kujibu vizuri swali la mtu mwingine.

Jinsi ya kujibu

Sasa tuje kwetu. Tulipokwenda ziara Muleba tuliomba ruhusa ya kusoma ubao wao. Palikuwa na makala juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioripotiwa wilayani humo mwaka 2006. Mwandishi alishauri kung'oa na kufukia migomba iliyougua. Tukaandika jibu letu la kwanza:

"Makala yenu ni nzuri sana. Nasi tuna gazeti letu Bukoba, karibuni mje mlisome."

Halikujibiwa, na halikustahili kujibiwa. Halikuonyesha kwamba tumesoma hata mstari mmoja, na lilikuwa tangazo lililovaa kanzu ya pongezi. Jibu la pili lilikuwa baya zaidi, maana mwenzetu mmoja aliwakosoa tahajia tu. Jibu la tatu aliliandika yule binti aliyekuwa amesusa:

"Tumesoma ushauri wenu wa kufukia migomba iliyougua. Bibi yangu alifanya hivyo, lakini ugonjwa ukarudi, kwa sababu panga lililokata mgomba mgonjwa ndilo lililokata mzima. Bwana shamba alimfundisha kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Pia mkungu ukishamaliza kutoa vichane, aondoe lile ua linaloning'inia chini yake kwa kijiti chenye panda, asitumie kisu, maana wadudu huchukua ugonjwa kwenye ua hilo. Je, kwenu watu wanafanyaje kwa panga la kuazimana?"

Jibu hili lilibandikwa Muleba kando ya makala yenyewe. Halikutaja gazeti letu hata mara moja. Chini yake palikuwa na jina la mwandishi na la madrasa yake, basi. Baada ya muda ikaja barua kutoka Muleba, imebebwa na abiria wa basi, ikijibu lile swali la panga na kuuliza: huyu bibi kisa chake kimeandikwa wapi?

Kutokana na hayo tumejiwekea kanuni tano:

1. Soma mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu. Anayejibu kichwa cha habari hujulikana mara moja.

2. Taja jambo moja mahususi alilosema mwenzako, ili ajue amesikilizwa.

3. Ongeza kitu ambacho hakikuwepo: mfano ulioushuhudia, sababu, au sahihisho lenye ushahidi. Huna cha kuongeza? Uliza swali la kweli, nalo ni mchango.

4. Usijitangaze kwenye ubao wa mwenzako. Andika jina lako na unakotoka, inatosha. Atakayependa atakutafuta.

5. Rudi. Ukijibiwa, jibu tena, na ukikosea, kiri. Anayejibu mara moja na kupotea huacha watu wakiuliza alikuwa anatafuta nini.

Kanuni hizi zinafaa pia kwenye makundi ya simu ya familia na ya majirani. Ujumbe usemao "safi sana" hausaidii aliyeandika. Anayesaidiwa ni yule aliyepata mtu wa kumwambia, "Sehemu hii sikuielewa, nifafanulie."

Nia na adabu

Hapa pana mtego, nasi hatutauficha. Mtu anaweza kujibu wengine kila siku huku moyoni akitaka aonekane tu. Hiyo ni riya, na riya huila kazi kama mchwa alavyo boriti. Tulimuuliza ustadh kama kutafuta wasomaji kwenyewe ni kosa. Akasema: "Mwenye kuchimba kisima hafanyi vibaya kuwaonyesha watu njia ya kisimani. Lakini na ajiulize: likipatikana kisima bora kuliko chake, atawaelekeza huko?" Tangu hapo tunajipima kwa swali hilo. Makala ya Muleba ikiwa bora kuliko yetu, tunaibandika ya kwao na kutaja jina la aliyeandika.

Adabu nyingine ni zile za Suratul Hujurat: kuchunguza habari kabla ya kuipokea, na kuacha dhana mbaya na kusengenyana. Kosoa neno, mheshimu aliyelisema. Siri ya nyumba ya mtu isiwe mfano wako.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kumbukeni mwezi wa Machi 2023, ulipotangazwa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Watu 6 walifariki kati ya 9 waliohesabiwa kuugua, na tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Katika siku kama zile uvumi hutembea haraka kuliko gari la wagonjwa. Mtu akipokea habari, swali lake la kwanza ni "nani kasema?" Aliyezoea kujibu watu kwa ukweli juu ya panga na migomba ataaminiwa atakapowaambia wanawe mikono na wasipuuze maelekezo ya waganga. Wasomaji ni amana, na mtu huwakusanya kabla ya siku ya haja.

Yaliyofuata

Hatutasema kwamba gazeti letu limekuwa kubwa. Bado ni ubao mmoja, na watoto wadogo nao walipata wao baada ya fundi mmoja, mzazi wa mwanafunzi, kutengeneza wa pili. Lakini siku za Ijumaa wapo wanaosimama kusoma, na baadhi yao si wa madrasa yetu. Barua za Muleba tunazibandika upande wa kulia. Kisa cha bibi na migomba yake kilinakiliwa kwa mkono kikapelekwa Muleba, na yule binti anaandika kila wiki.

Wazazi wetu, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akileta nyumbani karatasi aliyoandika, msimwambie "vizuri" tu na kuiweka juu ya kabati. Mwulizeni swali moja juu ya alichokiandika. Kwa mtoto, swali la baba au mama ni msomaji wa kwanza.

Nawe mwanafunzi, kabla hujatuletea makala yako ya mwakani, chagua moja iliyomo katika jarida hili, uisome mpaka mwisho, kisha umwandikie mwenyewe jibu. Ukiona hii yetu ina kasoro, anza na hii. Tutakujibu inshaallah.