Kampala na Msimu wa Kikapu wa Afrika

Siku ya Jumapili, tarehe 30 Mei 2021, fainali mbili za mpira wa kikapu wa klabu zilichezwa katika mabara mawili. Mjini Cologne, Ujerumani, Anadolu Efes ya Istanbul iliishinda Barcelona kwa alama 86 kwa 81 na kutwaa ubingwa wa Ulaya, na katika safu ya Barcelona alikuwamo Brandon Davies, mzaliwa wa Marekani mwenye uraia wa Uganda. Na mjini Kigali, mwendo wa usiku mmoja kwa basi kutoka Kampala, Zamalek ya Misri iliishinda US Monastir ya Tunisia kwa alama 76 kwa 63, ikawa bingwa wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, ambayo wapenzi wa mchezo huiita BAL kwa ufupi. Mashindano ya Ulaya yalikuwa yamedumu tangu mwaka 1958, ilhali haya ya Afrika yalikuwa na umri wa majuma mawili tu; lakini tangu siku hiyo kijana wa Kampala anayedunda mpira katika kiwanja cha Wandegeya alipata lengo lililo karibu naye, wala hakulazimika tena kuelekeza macho yake ng'ambo ya bahari peke yake.

Kwa faida ya msomaji asiyeufuata mchezo huu, yafaa kueleza kwanza jinsi msimu wa Ulaya unavyokwenda, maana hapo ndipo tofauti kati yao na sisi inapodhihirika. Katika msimu ule wa 2020 hadi 2021 zilikuwamo klabu 18, na kila moja ilipaswa kukutana na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini, hata ikatimiza michezo 34 kabla ya nane zilizo bora kuingia katika mtoano na nne za mwisho kukusanyika katika mji mmoja kuamua ubingwa. Kazi hiyo huanza mwezi wa Oktoba na kumalizika mwezi wa Mei, na kwa muda wote huo mashabiki wa Madrid, Athens, Kaunas au Istanbul huiona timu yao kwa macho yao, katika ukumbi wao wenyewe, mara kwa mara, hata mchezo ukawa sehemu ya maisha ya mji kama ilivyo siku ya soko.

Afrika haikuweza kufuata mwendo huo, na sababu zake ni za wazi. Bara letu ni pana mno, nauli za ndege kati ya miji yake ni ghali, na kumbi zinazotimiza masharti ya michezo ya kimataifa ni haba. Mashindano ya klabu bingwa barani yalikuwapo tangu mwaka 1972, ambapo Hit Trésor ya Jamhuri ya Afrika ya Kati ilikuwa ya kwanza kushinda, na kwa miaka mingi yalichezwa kwa kuzikusanya timu zote mahali pamoja kwa siku chache. Mwezi wa Februari 2019, Shirikisho la Kikapu la Dunia, FIBA, na ligi kubwa ya Marekani, NBA, yalitangaza kwa pamoja kuundwa kwa ligi mpya ya klabu 12, na Amadou Gallo Fall wa Senegali akateuliwa kuwa rais wake wa kwanza. Msimu wa kwanza ulikusudiwa kuanza Dakar mwezi wa Machi 2020, lakini maradhi ya korona yakaufunga mlango huo kabla haujafunguliwa, na mpira haukurushwa hadi tarehe 16 Mei 2021 mjini Kigali.

Utaratibu wa ligi hiyo ni huu. Mabingwa wa baadhi ya nchi huingia moja kwa moja, na nafasi zilizosalia hugombewa katika mchujo mrefu unaoanzia kwa majirani na kuishia katika kanda mbili, mashariki na magharibi. Baada ya hapo klabu hugawanywa katika makundi, na kila kundi hukutana katika mji mmoja na kucheza michezo yake yote huko. Zilizofaulu huitwa tena kwa ajili ya mtoano. Klabu haziruhusiwi kujaza wageni kadiri zipendavyo, kwani tangu mwanzo ziliwekewa kikomo cha wageni wanne, na kati yao wasizidi wawili kutoka nje ya Afrika. Fauka ya hayo, tangu msimu wa 2022 klabu hupewa vijana kutoka chuo cha kikapu cha NBA kilichoko Saly, Senegali, ili wajifunze katika mapambano ya watu wazima.

Katika utaratibu huo ndimo ilimoingia City Oilers ya Kampala. Klabu hii ilitwaa ubingwa wa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2013, na ilipokwisha kuushika haikuuachia tena, mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 2019. Mwalimu wake mashuhuri, Mandy Juruni, aliifundisha pia timu ya taifa, Silverbacks, na wengi wa wachezaji wake, akiwamo nahodha Jimmy Enabu, walikuwa nguzo za timu hiyo ilipofuzu kwa mara ya kwanza kucheza ubingwa wa mataifa ya Afrika mwaka 2015 nchini Tunisia. Mwaka 2021, katika mashindano hayo hayo yaliyofanyika Kigali, Silverbacks waliiondoa Nijeria kwa alama 80 kwa 68 na kufika robo fainali, wakiwa na Ishmail Wainright, Mmarekani aliyepata uraia wa Uganda baada ya kucheza Ujerumani na Ufaransa, ambaye miezi michache baadaye alijiunga na Phoenix Suns ya NBA. Kwa hiyo City Oilers ilipokwenda Afrika Kusini mwezi wa Novemba 2022 kugombea nafasi ya kanda ya mashariki, haikwenda kubahatisha, na ilipofaulu ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kuingia katika ligi ya Afrika.

Msimu wa 2023 uliipeleka Kairo, katika kundi lililopewa jina la Naili, pamoja na Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda ya Angola, Cape Town Tigers ya Afrika Kusini, Ferroviário da Beira ya Msumbiji na SLAC ya Gine. Nne kati ya sita ziliendelea mbele, na Oilers haikuwa miongoni mwao; wala si jambo la kushangaza, kwa sababu Al Ahly waliokutana nao katika kundi hilo ndio hao hao waliotwaa ubingwa tarehe 27 Mei kwa kuishinda AS Douanes ya Senegali kwa alama 80 kwa 65, chini ya mwalimu Mhispania Agustí Julbe, aliyekuwa ameipa Zamalek ubingwa wa mwaka 2021. Na asiyeamini ugumu wa ligi hii atazame habari ya US Monastir, walioingia msimu huo wakiwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, nao pia wakatolewa katika hatua ya makundi.

Oilers ilipita katika mchujo tena, na msimu wa 2024 ukaikuta imo. Mwaka huo makundi yaligawanywa kuwa matatu ya timu nne nne, na kila timu ilicheza michezo sita: kundi la Kalahari mjini Pretoria mwezi wa Machi, la Naili mjini Kairo mwezi wa Aprili, na la Sahara mjini Dakar mwezi wa Mei. Mwanzo wake uliwatia majirani zetu huzuni. Dynamo ya Bujumbura iliingia uwanjani Pretoria ikiwa imeyaziba maneno ya tangazo la utalii wa Rwanda yaliyokuwa juu ya jezi, ikaishinda Cape Town Tigers, kisha ikakataa kucheza kwa jezi hizo na kuondolewa mashindanoni. Vijana waliokuwa wametokwa na jasho kwa miezi mingi ili wafike pale walirudi nyumbani kwa ugomvi wa Burundi na Rwanda usiokuwa wao, na yeyote aupendaye mchezo katika Afrika ya Mashariki ana haki ya kulisikitikia jambo hilo, awe upande gani wa mpaka.

Katika kundi la Naili City Oilers ilikutana na Al Ahly ya Misri, Al Ahly ya Benghazi kutoka Libya, na Bangui Sporting Club ya Afrika ya Kati. Safari hii pia haikufika Kigali kwenye mtoano. Walakini ndani ya timu hiyo alikuwamo kijana mmoja ambaye habari yake peke yake yatosha kuufanya msimu huo ukumbukwe Kampala. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akaletwa Uganda angali mtoto, akakulia Kawempe, kitongoji cha watu wa kipato kidogo kaskazini mwa mji wetu. Alikuwa hajawahi kucheza kikapu hadi mwaka 2019, na alipokwenda kujifunza kwa mara ya kwanza alikwenda kwa miguu, bila viatu vya mchezo. Miaka miwili haijapita vyema, alikuwa amekwisha kuchukuliwa na chuo cha Saly. Akiwa na miaka 15 alicheza katika ligi ya Afrika na Cobra Sport ya Juba, mwaka uliofuata akafika fainali na AS Douanes, na mwaka 2024, kwa utaratibu ule wa vijana wa chuo, akavaa jezi ya City Oilers, klabu ya mji uliomlea. Miezi michache baadaye alikuwa katika Michezo ya Olimpiki ya Paris na timu ya Sudan Kusini, iliyoishinda Puerto Rico kwa alama 90 kwa 79. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Duke, na mwezi wa Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaishia Phoenix Suns. Tangu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa 2 mwaka 2009, hakuna kijana aliyekulia katika miji yetu aliyepokewa kwa heshima kama hiyo.

Ubingwa wa msimu huo ulikwenda kwa Petro de Luanda, waliowashinda Al Ahly ya Benghazi kwa alama 107 kwa 94 tarehe 1 Juni 2024, na kwa ushindi huo kombe likavuka jangwa kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mitatu ya Misri, Tunisia na Misri tena.

Sasa tujiulize: kama Kampala ina klabu iliyotawala nchi yake, na ina vijana ambao dunia yawatafuta, imekosa nini? Nionavyo mimi, imekosa nyumba. Katika misimu mitano ya kwanza ligi hii imechezwa Kigali, Kairo, Dakar, Pretoria na Rabat. Hapa Kampala haijachezwa hata mara moja. Kigali ilifungua ukumbi wake wa watu wapatao 10,000 mwaka 2019, na matunda yake hayakukawia: Patriots walifika nusu fainali mwaka 2021 mbele ya watu wao, na APR, baada ya kucheza kundi lao nyumbani, walishika nafasi ya tatu mwaka 2025. Sisi tuna ukumbi wa Lugogo, uliotutumikia kwa uaminifu kwa miongo mingi na unaostahili shukrani, lakini ni mdogo na umezeeka. Na michezo mingi ya ligi yetu huchezwa katika viwanja vya wazi, kama kile cha YMCA, ambako mvua ikinyesha mchezo husimama.

Sisemi kwamba ukumbi peke yake huleta ubingwa. Petro hawakuwa wenyeji wa kundi lolote mwaka 2024, nao walishinda. Lakini Petro wamesimama juu ya nchi iliyotwaa ubingwa wa mataifa ya Afrika mara 12, ambayo imewalea wachezaji na walimu wa kikapu tangu zama za baba zao. Taifa lisilo na urithi kama huo hulazimika kuujenga, na urithi wa mchezo hujengwa pale ambapo mtoto anaweza kuketi na kumtazama aliye bora kuliko yeye. Mtoto wa Kawempe aliyetaka kumwona Maluach akicheza na Oilers alimwona katika televisheni, kutoka Kairo, ilhali mchezaji mwenyewe alikulia mtaani kwake.

Majirani zetu wanalitambua jambo hili. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder iliingia katika ligi ikiwa klabu ya kwanza ya Kenya, na ingawa haikuvuka hatua ya makundi, imefungua njia. Kampala, iliyotangulia kwa miaka miwili, isikubali kubaki nyuma. Serikali ya Uganda, ambayo pamoja na Kenya na Tanzania imekubali kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la kandanda mwaka 2027, imekwisha kuonyesha kwamba viwanja vikubwa vyaweza kujengwa nia ikiwapo; basi na iweke katika hesabu zake ukumbi mmoja wa kikapu unaostahili mji huu. Matajiri wetu wasaidie klabu bila kungoja ziwe mabingwa. Wazazi wasiwazuie watoto wao, wa kiume na wa kike, kwenda kiwanjani baada ya masomo. Nawe msomaji, ligi ya Uganda ikichezwa Lugogo mwishoni mwa juma, nunua tikiti uende, kwa maana hakuna ligi duniani iliyopata kukua bila ya watu wake kuketi na kuitazama.