Unasomea sheria? Safari ya Karen huanza mwaka wa kwanza

Ukiwa mwaka wa kwanza wa sheria, nyumbani tayari unaitwa wakili. Shangazi anakuletea kesi ya shamba, mjomba anataka umwandikie barua ya kupeleka kwa chifu. Raha, si ndiyo? Shida ni kwamba hata ukishavaa joho la mahafali baada ya miaka minne, bado wewe si wakili. Una LLB, basi. Huwezi kusimama mbele ya hakimu ukasema unamwakilisha mtu.

Kati ya digrii na uwakili kuna Karen, Nairobi. Huko ndiko iliko Kenya School of Law, maarufu KSL. Unasoma masomo tisa, unafanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, CLE, kisha unakaa miezi sita ukijifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Ukipita yote hayo ndipo unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu.

Mimi si wakili, na chuo nilitoka kabla ya kumaliza. Lakini nimeishi na makomredi wa sheria, na nimeona kitu kimoja: wanaosota Karen si wote wazembe. Wengi walidhani maandalizi huanza wakishapata digrii. Zii. Huanza leo.

Anza na karatasi zako. Chuo kuwa na jina kubwa hakutoshi. Ni lazima kiwe na leseni ya CLE ya kufunza sheria. Uliza kama ipo na inaisha lini. Halafu KCSE. Sheria ya KSL ya mwaka 2012 inataja gredi ya wastani ya C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Masharti haya yamezua kesi kibao, kwa sababu kuna watu waliopitia diploma, wakapata digrii, kisha wakaambiwa gredi zao za sekondari hazitoshi. Hebu fikiria, miaka yote hiyo! Kama hukwenda chuo moja kwa moja kutoka sekondari, waulize KSL sasa, kwa maandishi, kama njia yako inakubalika. Jibu uliweke vizuri.

Pili, kuna masomo 16 ya lazima yaliyotajwa kwenye sheria inayosimamia elimu ya uanasheria. Yamo ya mikataba, jinai, ushahidi, katiba, mali, familia na urithi. Hakikisha yote yako kwenye transkripti yako. Na usiyapite kwa mwakenya, maana yatakurudia. Ushahidi utakutana nao Karen kwenye kesi za madai na za jinai. Urithi utarudi kwenye somo la mirathi. Somo la mali litarudi siku unapotakiwa kuhamisha shamba kutoka jina moja hadi lingine.

Tatu, jifunze kuandika kama mtu wa kazi. Chuoni unaulizwa ujadili dhana ya umiliki. Karen unaambiwa: mama fulani ananunua ploti Kitengela, mwandikie mkataba. Hapo porojo haisaidii.

Dawa yake ni kusoma hukumu, na tovuti ya Kenya Law inazo bure. Chukua kesi ya Muruatetu ya 2017, ambapo Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Isome, kisha andika ukurasa mmoja: nini kilitokea, swali lilikuwa lipi, mahakama ilisema nini na kwa nini. Ukifanya kesi moja kila wiki ya muhula, utamaliza chuo ukiwa na karibu mia.

Nne, nenda kortini. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kesi ya hadharani, kwa hivyo mara nyingi mlango uko wazi hata kwako. Milimani, Makadara, Kibera, popote palipo karibu. Zima simu, kaa nyuma, tazama wakili anavyoomba dhamana na anavyomhoji shahidi. Utagundua pia kwamba lugha ya mahakama ya hakimu ni Kiingereza au Kiswahili. Wewe uliyezoea Sheng, Kiswahili sanifu si cha kudharau. Kuna shahidi utakayemhoji ambaye hana lugha nyingine. Na kule Karen kuna mtihani wa mdomo, kwa hivyo zoea kuongea ukiwa umesimama na watu wanakutazama.

Tano, doo. Ada ya KSL imekuwa ikitajwa kuwa karibu Sh190,000, na hapo hujalipa nyumba wala matatu. HELB huwa na mkopo wa wanafunzi wa huko, lakini usiuhesabu kabla haujaingia. Ili upite somo unahitaji asilimia 50, na ukianguka, kurudia mtihani kunalipiwa. Halafu ile miezi sita ya mafunzo kazini, kuna wanaopewa nauli tu na kuna wasiopewa chochote. Ongea na mzazi au mlezi mapema. Mwambie wazi kwamba sherehe ya mahafali si mwisho wa karo, asije akauza ng'ombe wa mwisho akidhani amemaliza.

Si lazima kila mwenye LLB aende Karen. Kuna kazi kwenye mashirika, benki, serikali na hata vyombo vya habari ambazo hazihitaji uapishwe. Lakini hilo uliamue wewe, ukiwa na habari zote mkononi. Lisije likaamuliwa na gredi ya KCSE ambayo hukuwahi kuiulizia, wakati wenzako wanapanga foleni ya usajili.