Alama ya kijani mkiani mwa tyubu

Shangazi yangu alifunga safari kutoka Voi hadi Nairobi hivi majuzi akiwa amejifunika mtandio uso mzima. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu atokaye matangani. Alipoketi aliufungua mkoba akatoa tyubu mbili za krimu ya kujipaka usoni. Ya kwanza ilikuwa imekamuliwa ikakauka, na mkia wake umekatwa kwa mkasi. Ya pili ilikuwa mpya, haijafunguliwa kizibo.

"Hii ndiyo iliyonichuna," alisema, akiinyoshea kidole ile ya kwanza. Alikuwa ameinunua aondoe madoa mawili mashavuni. Alipoushusha mtandio niliona mashavu yaliyobabuka mfano wa mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. "Majirani wakaniambia kosa ni langu, nilinunua yenye alama nyeusi mkiani. Nyeusi ni kemikali tupu, kijani ni mitishamba. Sasa nimetafuta ya kijani. Lakini nikasema nisiifungue kabla wewe mtu wa vitabu hujaitazama."

Niliitazama. Naam, pale chini, pembeni mwa ukingo uliobanwa, palikuwa na kijialama cha mstatili, cha rangi ya kijani, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Bila shaka nawe umewahi kukiona kwenye tyubu ya dawa ya meno, na yamkini umewahi kuhadithiwa maana yake: kijani mitishamba, nyekundu nusu kwa nusu, nyeusi kemikali. Hadithi hiyo imezagaa duniani kote. Mimi hufundisha isimu, na jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi ni kwamba ishara haina maana ila pale ambapo pana waliokubaliana juu yake. Katika kadhia hii makubaliano yapo, ila hayakufanywa na sisi. Yalifanywa na mitambo.

Niliyajua hayo kwa bahati. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliajiriwa kukagua ubora katika kiwanda kimoja kwenye Eneo la Viwanda jijini Nairobi, naye aliwahi kunitembeza humo asubuhi nzima.

Tyubu huzaliwa bila kichwa. Punje za politheni humiminwa katika mtambo wenye skrubu ndefu inayozunguka ndani ya mwanzi wa moto, zikayeyuka, zikasukumwa kupitia tundu lenye umbo la pete, zikatoka upande wa pili zikiwa neli moja ndefu isiyo na mshono. Neli hiyo hupozwa kwa maji na kukatwa vipande sawasawa, kama muwa unavyokatwa pingili. Baadhi ya tyubu za krimu huwa na matabaka matano yaliyoshikamana, la katikati likiwa la plastiki ya kuzuia hewa, ili mafuta yasichache wala manukato yasitoroke. Za dawa ya meno aghalabu huchukua njia nyingine: huanza zikiwa utando bapa, huchapishwa zingali bapa, kisha hukunjwa na kuunganishwa ubavuni. Itazame yako kesho asubuhi, utauona mshono huo. Zile za alumini, ambazo bado hutumiwa kwa dawa nyingi za ngozi, huanza zikiwa kidonge cha chuma mfano wa sarafu, kikapigwa pigo moja la nguvu kikarefuka. (Babu wa hizi zote ni tyubu ya bati ambayo mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, aliisajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1841. Kabla ya hapo wachoraji walihifadhi rangi zao katika vibofu vya nguruwe.)

Kipande cha neli kikishakatwa, kichwa chake huyeyushiwa kwenye ncha moja: mabega, shingo, na juu ya shingo hesi za kukamatia kizibo. Sasa kiko tayari kupambwa, na hapa ndipo nilipoduwaa zaidi. Politheni haipendi wino. Ukiichapisha hivihivi, wino hubanduka kwa kucha. Kwa hiyo neli hupitishwa kwanza kwenye ndimi za moto au cheche za umeme, uso wake ukabadilika kidogo tu, kiasi cha wino kushika. Kisha huvishwa kwenye mti wa chuma. Kila rangi ina bamba lake. Mabamba yote huweka wino wake, kila moja mahali pake, juu ya mpira mmoja mpana, na neli huzungushwa mara moja tu juu ya mpira huo ikabeba rangi zote kwa pamoja. Miale ya urujuanimno hukausha wino kabla hujapepesa macho. Anayetaka herufi nene zinazopapasika hutumia uchapaji wa wavu. Anayetaka dhahabu huigandamiza kwa moto kutoka kwenye utando mwembamba. Mwisho hupakwa vanishi.

Niliishika mkononi tyubu moja iliyokamilika. Ilikuwa na maua, ilikuwa na dhahabu, ilikuwa na ahadi ya ngozi nyororo. Ndani ilikuwa tupu, na mkia wake u wazi. Sifa zote za krimu huandikwa kabla tone moja la krimu halijaingia.

Krimu hutiwa baadaye, pengine katika kiwanda kingine, pengine katika nchi nyingine. Tyubu husimamishwa kichwa chini, miguu juu, ikajazwa kupitia mkiani. Lakini ingali duara, na ukingo wake utabanwa uwe bapa. Mtambo utajuaje wapi ni mbele na wapi ni nyuma, ili jina lisije likaangukia ubavuni? Jawabu ni kile kijialama. Mtambo una jicho la mwanga. Tyubu huzungushwa mpaka jicho lione rangi ya alama ikitofautiana na rangi iliyoizunguka, hapo ikasimama, ikajazwa, ukingo ukapulizwa hewa ya moto na kubanwa. Rangi yenyewe huchaguliwa tu kati ya zile ambazo tayari zimo katika pambo. Kwenye tyubu nyeupe yenye majani, itakuwa kijani. Kwenye yenye maandishi meusi, nyeusi.

Nilimweleza shangazi hayo yote polepole. Alinisikiliza, akaigeuzageuza tyubu yake mpya. "Kwa hiyo hii kijani ni ya mashine?"

"Ni ya mashine, Shangazi."

"Na langu mimi lililoandikwa ni lipi?"

Hapo niliona haya, maana la kwake lilikuwapo, ila kwa Kifaransa. Mimi hukisoma kwa kubahatisha, shangazi hakisomi kabisa, wala muuza duka aliyemuuzia hakisomi. Nyuma ya tyubu, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, palikuwa na orodha ya viambato, na katikati ya orodha hiyo, haidrokwinoni. Afrika Kusini iliiondoa katika vipodozi mwaka 1990. Hapa Kenya, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku mwaka 1998 vipodozi vyenye kemikali hiyo, pamoja na vyenye zebaki na homoni. Hivyo tyubu yenye majani na alama ya kijani haikustahili hata kuvuka mpaka. Ilivuka, na maelezo yake yalikuwa yamechapishwa wazi kwa yeyote awezaye kuyasoma.

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kemia. Hasha! Majina ya viambato yenyewe ni Kilatini na Kiingereza cha kimataifa, nayo yabaki hivyo, maana daktari wa Voi na wa Abidjan huyahitaji yafanane. Ninachodai ni yale maneno ambayo si ya daktari: usipake karibu na macho, usikae juani, acha ukiwashwa. Je, lugha gani haiwezi kuyasema hayo? Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili katika Kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katika Kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Sioni jinsi mtu anavyonufaika na habari zilizofungiwa katika lugha asiyoijua.

Wengine watasema nafasi haitoshi, na gharama ni kubwa. Nilimuuliza yule mwanafunzi wangu. Alicheka. "Mwalimu, maua na dhahabu havibadiliki," alisema. "Maandishi ya nyuma kwa kawaida hukaa kwenye bamba la rangi moja. Ukitaka lugha nyingine, unabadilisha bamba hilo moja." Kuhusu nafasi, niliipima tyubu ya shangazi kwa rula: waridi la mbele limekula eneo kubwa kuliko maandishi yote ya nyuma.

Alasiri tulikwenda kwa daktari wa ngozi. Aliyachunguza mashavu, akaandika dawa, akaichukua tyubu ya pili na kuiweka kando akitikisa kichwa. Kisha akaomba ile ya kwanza. Alitaka kutoa taarifa, na kwa hilo alihitaji nambari ya fungu na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambazo hugandamizwa kwenye ukingo wa mkia wakati wa kubana. Aliigeuza huku, akaigeuza kule.

"Mama, mkia wake uko wapi?"

"Niliukata kwa mkasi, daktari," shangazi alisema, "nikwangue ile iliyobakia. Nikautupa."