Fahamu: 'Kausha damu' na haki za mama muuza samaki

Barabara ya Dodoma–Iringa inapokatiza bwawa la Mtera, akina mama hukimbilia basi linaposimama, sinia la perege wa kukaanga mkononi. Mtaji wao ni mdogo, na hapo ndipo 'kausha damu', yaani mikopo ya riba kubwa, inapopenyea.

Chukua mfano. Mama anakopa shilingi 200,000 kununua samaki kwa wavuvi, arejeshe 260,000 ndani ya mwezi. Hiyo ni riba ya asilimia 30! Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, kanuni za mwaka 2019 zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ziliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi: 207,000. Tofauti ni shilingi 53,000, ambazo ni ada ya shule, ni unga wa nyumbani.

Akishindwa kulipa, wakopeshaji wa 'kausha damu' wanakuja kubeba godoro na jiko, majirani wakitazama. Aibu hiyo ndiyo dhamana yao halisi, na inaniuma kwamba wengi hunyamaza.

Mkopeshaji lazima awe na leseni, na aeleze riba, ada na adhabu kabla ya kidole gumba kugusa wino. Omba nakala ya mkataba. Akikudhulumu, mlalamikie kwanza yeye mwenyewe kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Benki Kuu. Kwenye simu uwe macho zaidi: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.