Kuhifadhi, Kukarabati na Kurejesha: Ufafanuzi wa Urithi wa Mitambo Mikubwa ya Mvuke kwa Mfano wa Meli ya Liemba na Reli ya Kati, Kigoma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mitambo mikubwa ya mvuke inavyoweza kutunzwa kama urithi wa kihistoria katika mazingira ambamo mitambo hiyo, au miili iliyoibeba, bado inahitajika kwa kazi. Mfano mkuu ni meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, kando ya kituo cha mwisho cha Reli ya Kati. Kwa ulinganishi, makala inaangalia vichwa vya treni vya mvuke vya Afrika Mashariki vilivyohifadhiwa Nairobi. Makala inatofautisha dhana tatu ambazo aghalabu huchanganywa, yaani kuhifadhi, kukarabati na kurejesha, na kuonesha kuwa kila moja huokoa kitu fulani na kupoteza kingine. Hoja kuu ni kwamba uamuzi wa kiufundi kuhusu chombo cha aina hii ni uamuzi pia kuhusu watu wanaokitegemea na maarifa ya waliokitunza.

Maneno muhimu: urithi wa viwanda, mvuke, urejeshaji, Liemba, Reli ya Kati, Kigoma

1.0 Utangulizi

Mkoani Kigoma, urithi wa kihistoria hutajwa zaidi kwa kuhusishwa na Ujiji. Mji huo ulikuwa kikomo cha njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani, na ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kumbukumbu ya tukio hilo ina eneo lake, mnara wake na makumbusho yake. Kilomita chache kutoka hapo, bandarini Kigoma, upo urithi wa namna nyingine: kituo cha reli, njia za chuma zinazoishia ufukweni, karakana, na meli iliyovuka zaidi ya miaka mia moja. Urithi huu haujazoeleka kuitwa urithi, kwa sababu umekuwa ukifanya kazi. Watu wamepanda treni hiyo na meli hiyo kwenda msibani, sokoni na shuleni.

Hali hiyo ndiyo inayoleta tatizo linalochunguzwa hapa. Jengo la kale lililoachwa linaweza kuzungushiwa uzio. Meli inayosubiriwa na abiria wa Kirando, Kipili, Karema na Kasanga haiwezi kutendewa hivyo bila mtu fulani kulipa gharama. Je, chombo kama hicho kitunzwe namna gani, na kwa faida ya nani?

2.0 Dhana tatu zinazochanganywa

Katika Kiswahili cha kila siku, neno "ukarabati" hubeba maana nyingi. Magazeti hulitumia kwa paa lililobadilishwa mabati na kwa meli iliyowekwa injini mpya. Kwa mahitaji ya makala hii, dhana tatu zinatenganishwa.

Kuhifadhi ni kuzuia uharibifu usiendelee, huku chombo kikiachwa kama kilivyokutwa, pamoja na alama zake zote za matumizi. Kukarabati ni kukifanya chombo kiweze kufanya kazi salama, hata kwa vipuri ambavyo havikuwapo awali. Kurejesha ni kukirudisha chombo katika hali ya kipindi fulani kilichochaguliwa, kwa kuondoa nyongeza za baadaye na kutengeneza upya kilichopotea. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliohusu majengo na maeneo ya kale, ulisisitiza kuwa urejeshaji ukome pale ambapo kubahatisha kunaanzia. Hati ya Riga, iliyoandaliwa baadaye kwa ajili ya reli za kihistoria barani Ulaya, ilipeleka msimamo huo kwenye mitambo inayotembea. Hati hiyo inatambua kwamba kwa mtambo, kufanya kazi ni sehemu ya maana yake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mashine ya mvuke iliyosimama huonesha umbo lake tu. Joto, mlio, harufu ya mafuta na ustadi wa mpiga moto havionekani. Lakini mashine inayotembea huchakaa, na kila kipuri kinachobadilishwa hupunguza kile kilichokusudiwa kutunzwa. Ni sawa na jembe lililobadilishwa mpini, kisha bapa: mwenye jembe huliita lilelile, ilhali mkononi hana kipande hata kimoja cha jembe la kwanza.

3.0 Meli iliyofika kwa reli

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 1,250 na upana wa mita moja. Kigoma ilichaguliwa badala ya Ujiji kwa sababu ghuba yake ina kina na kinga dhidi ya mawimbi, ilhali ufuko wa Ujiji hauna kina cha kutosha kwa meli kubwa. Kwa uamuzi huo mmoja, bandari ya misafara iligeuka kitongoji cha bandari ya reli.

Meli iliyokusudiwa kuendeleza reli hiyo majini iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni kuanzia mwaka 1901 hadi 1906. Baada ya kuungwa kwa majaribio, ilifunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani. Huko Kigoma iliunganishwa chini ya usimamizi wa Anton Rüter na wenzake wawili, kwa nguvu za wafanyakazi wengi wa Kiafrika na wa Kihindi. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwishaanza.

Jambo moja katika historia hiyo lina uzito kwa mhifadhi. Meli ilibuniwa ifunguke na iungike. Sahani za chuma za mwili wake zilishikanishwa kwa ribiti, moja baada ya nyingine, kwa mikono ya watu waliokuwa Kigoma. Kwa hiyo, ingawa chuma ni cha Papenburg, viungo ni kazi ya Kigoma. Masimulizi yanayorudiwa mara nyingi hutaja majina ya mafundi watatu wa Kijerumani. Waliopasha ribiti moto na kuzigonga hutajwa kwa idadi tu.

4.0 Kwa nini mitambo ilinusurika

Mwezi Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yakikaribia na reli ikiwa hatarini, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe karibu na Kigoma. Kabla ya kufanya hivyo, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, lakini ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini na boila vinafaa kutumika baada ya matengenezo. Mwezi Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilirekodi kuwa jina la ziwa hilo kwa wenyeji wa upande wa kusini.

Kunusurika huko kuna maelezo ya kisayansi. Chuma hupata kutu pale maji na oksijeni vinapokutana juu yake. Grisi huzuia mkutano huo. Aidha, maji ya Ziwa Tanganyika si ya bahari. Chumvi, ambayo huongeza kasi ya kutu, ni kidogo. Mtambo uliozama katika maji baridi ukiwa umepakwa mafuta unaweza kuwa katika hali bora kuliko mtambo ulioachwa nchi kavu, unaonyeshewa mvua na kukaushwa na jua kwa zamu. Uchunguzi huu una funzo kwa vichwa vya treni vinavyowekwa kama mapambo mbele ya vituo bila paa: kupaka rangi kwa nje hakusaidii ikiwa maji yametuama ndani ya mirija ya boila na chini ya vifuniko.

Boila ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Ndani yake, maji yaliyopita kiwango cha kuchemka hushikiliwa kwa shinikizo. Ukuta ukipasuka, maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla na kulipuka. Kwa sababu hiyo, boila ya kale haiwashwi kwa kuitazama tu. Utando wa chokaa huondolewa, unene wa sahani hupimwa kwa mawimbi ya sauti, mirija na vishikizo vya tanuri hukaguliwa, kisha boila hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazi. Maji baridi hutumika kwa sababu yakivuja hayalipuki. Boila inayoshindwa kipimo hicho hubaki kuwa kitu cha maonyesho, au hutengenezwa nyingine.

5.0 Kutoka mvuke hadi dizeli

Liemba haina tena injini za mvuke. Katika miaka ya 1970 injini zake za upanuzi wa mara tatu, ambazo mvuke uleule hufanya kazi katika silinda ya shinikizo kubwa, kisha ya kati, kisha ndogo, ziliondolewa na kuwekwa dizeli. Mwaka 1993 ilifanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Kwa kipimo cha urejeshaji, hiyo ni hasara: moyo wa meli ulitolewa. Kwa kipimo cha ukarabati, ndicho kilichoiokoa. Meli iliyohitaji kuni au makaa mengi, na mafundi wa fani iliyokuwa ikitoweka, ingekuwa imeegeshwa zamani.

Matokeo yake yanaonekana katika kazi iliyoifanya baadaye. Mwaka 1997 ilisafirisha wakimbizi wapatao 75,000 waliokuwa wakirejea Kongo. Mwezi Mei 2015 ilitumika kuwahamisha Warundi waliokwama katika kijiji cha Kagunga, mahali pasipo barabara ya kutosha, hadi Kigoma. Katika safari zake za kawaida kwenda Mpulungu, Zambia, ilisimama mahali pengi pasipo gati, abiria na magunia ya dagaa yakipandishwa kutoka kwenye mitumbwi iliyoisogelea. Tangu isimame kutoa huduma mwishoni mwa miaka ya 2010, wengi wa abiria hao hutegemea boti za mbao, ambazo ziwa likichafuka huwa hatari.

Kwa hiyo pendekezo la kuirejesha Liemba katika hali ya mwaka 1915 halikubaliki kirahisi. Lingedai kutengeneza injini na boila mpya kwa mfano wa zamani, yaani nakala, huku likiwanyima watu usafiri. Sehemu halisi iliyobaki ni mwili wenye ribiti, na hapo ndipo uhifadhi unapaswa kujikita. Sahani iliyoliwa na kutu inaweza kubadilishwa kwa kulehemu, ambako ni rahisi na kwa haraka, lakini joto la kulehemu hulegeza ribiti za jirani na kufuta ushahidi wa ufundi wa awali. Njia ya kati ni kulehemu pale usalama unapodai, kuacha maungio ya ribiti pale yanapoweza kushika, na kuweka kumbukumbu ya kila sahani inayotolewa.

6.0 Ulinganishi na vichwa vya treni vya Nairobi

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanaonesha njia ya pili. Humo vimo vichwa viwili vya treni vya kundi la 59 la Reli ya Afrika Mashariki, namba 5918 na 5930. Kundi hilo la vichwa 34 lilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa muundo wa Garratt, ambamo boila moja hubebwa katikati ya injini mbili zinazopinda kila moja kwa upande wake. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 252, na vilihesabiwa kuwa vichwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke katika reli za mita moja duniani. Vilipewa majina ya milima. 5918 ni Gelai na 5930 ni Shengena, yote miwili ikiwa nchini Tanzania.

Majina hayo yanakumbusha kuwa urithi huu ulikuwa wa pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, makumbusho yalibaki palipokuwa makao makuu ya shirika. Tanzania ilirithi njia, vituo na karakana, lakini si mkusanyiko uliopangwa. Kichwa namba 5918 kimewahi kurejeshwa hadi kikatembea tena. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mbili: kilikuwa kimeachishwa kazi ya kawaida, hivyo hakikuwa na abiria wa kunyimwa, na bado walikuwapo mafundi wastaafu waliojua kukiwasha. Sababu ya kwanza haipo kwa Liemba. Ya pili inapungua kila mwaka, Nairobi na Kigoma vilevile.

7.0 Sheria na maarifa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Reli, kituo cha Kigoma na Liemba vyote ni vya baadaye, hivyo kinga yake hutegemea tangazo la Waziri. Pengo hilo lina madhara sasa hivi. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Reli mpya ni ya upana tofauti. Vifaa vya reli ya mita moja vitakapokosa kazi, bei yake itakuwa bei ya chuma chakavu, isipokuwa pawe na orodha inayosema kipi kisiuzwe.

Orodha ya vitu, hata hivyo, haitoshi. Namna ya kusikiliza mlio wa vali, kujua kwa rangi ya moshi kama moto umepungua hewa, au kuipandisha meli kwenye chelezo bila kupinda mwili wake, ni maarifa yaliyomo katika kumbukumbu za wastaafu, mengi yakielezwa kwa istilahi za karakana ambazo hazimo katika kamusi. Fundi anapofariki bila kuhojiwa, mashine inayobaki huwa haina anayeielewa.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kuhifadhi, kukarabati na kurejesha ni maamuzi matatu tofauti. Kwa vichwa vya treni vilivyostaafu, urejeshaji unaweza kutetewa, mradi boila ipimwe na sehemu za asili ziwekewe kumbukumbu. Kwa Liemba, ukarabati unaoirudisha kwa abiria ndio unaolingana na historia yake, kwa kuwa imekuwa ikibadilishwa ili iendelee kufanya kazi tangu mwaka 1927. Uhifadhi ulinde mwili wake wenye ribiti. Hatua mbili hazihitaji kusubiri fedha nyingi: tangazo la kisheria kwa vyombo na majengo yaliyobaki ya Reli ya Kati, na ukusanyaji wa masimulizi na istilahi za mafundi wa Kigoma. Chuma kinaweza kustahimili miaka mingine mingi kikipakwa grisi. Maarifa ya wastaafu hayana kinga ya namna hiyo, na ndiyo yanayopaswa kutangulizwa.