Mama naye anaomba mutu wa kumupokea posti

Wenye kufanya kazi chini ya ardhi wanajua desturi hii: mutu haachi posti yake bila kumuelezea mwenzake mwenye kumupokea. Anamuambia ni fasi gani jiwe linalegea, mashini gani inasumbua, mayi inatokea wapi. Mwenye kutoka anaenda kulala, mwenye kuingia anaanza kazi akijua hatari iko wapi. Habari ile isipopita, mutu anaweza kufa.

Mimi ni mutoto wa mufanyakazi wa mgodi wa Kipushi, kutoka siku za mbele ya mgodi kusimama mwaka wa 1993. Baba alikuwa na posti ya asubuhi, ya mangaribi na ya usiku, kwa zamu. Lakini mu nyumba yetu kulikuwa kazi ingine yenye haikuwa na zamu: kumulinda mudogo wangu. Alizaliwa bila kulia. Alipofikisha miaka miwili, shingo yake ilikuwa ingali laini, mikono na miguu ilikazana, na hakuongea. Kisha kifafa nacho kikaja. Mama alibeba ile yote peke yake, usiku na muchana, miaka 11. Majirani walisema: "Ule mutoto, bamemuloga." Hakuna hata mumoja aliuliza: "Mama, leo utalala kidogo? Nitabakia naye."

Waganga wanaeleza kwamba ubongo wa mutoto wa vile uliumia mbele ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, ama mu miaka ya kwanza. Inaweza kutokana na kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na mwili kugeuka manjano sana bila kutunzwa, na malaria yenye ilipanda ku kichwa, ama na meninjite. Kidonda kile cha ubongo hakiponi, lakini hakiambukizi mutu na hakiongezeki. Mwili njo unaharibika zaidi kama mutoto analazwa upande mumoja kila siku: viungo vinakazana, ngozi inatoka vidonda.

Na jambo lenye wengi hawajui: mutoto mwenye haongee anaweza kuelewa mambo yenye munasema mbele yake. Mudogo wangu alikuwa anainua macho juu kwa kusema "ndiyo", anageuza uso kwa kusema "hapana". Mama alijua. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia ugonjwa, hatukuwa tunamuangalia yeye.

Siku moja mama akashikwa na malaria, wakamulaza ku lopitali. Shangazi akakuja kulinda nyumba. Alimulisha mutoto bukari akiwa amelala mugongo. Chakula kikapita ku njia ya pumzi. Mutoto akakohoa mpaka rangi ikageuka, kidogo tu afe. Shangazi hakuwa mubaya. Hakuna mutu alimupatia habari ya posti. Habari yote ilikuwa mu kichwa cha mama, na mama alikuwa ku lopitali.

Baba alipotoka kazini akakamata karatasi ya daftari, akaenda kukaa ku kitanda cha mama. Mama anasema, yeye anaandika. Kisha akaibandika ku mulango. Iliandikwa hivi:

Kula: Akae, mugongo wima, kichwa kiiname mbele kidogo. Chakula laini, kijiko kidogo. Ngojea ameze kwanza. Asile kamwe akiwa amelala.

Kuongea: Macho juu ni ndiyo. Kugeuza uso ni hapana. Muulize, kisha ngojea.

Kulala: Mugeuze kila masaa mawili.

Kifafa: Ondoa mbabula na kila kitu cha kumuumiza. Mulaze ubavu. Usimukaze mikono, usitie kijiko wala kidole mu kinywa, usimupe mayi. Angalia saa: dakika 5 zikipita, mupeleke ku lopitali. Povu la kinywa haliambukizi.

Dawa: Saa yake ni ile ile kila siku. Usiikate.

Hii ya mwisho inaomba kurudiliwa. Fenobarbitali, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inasaidia watu wengi wenye kifafa. Mutu akikaa miezi bila kuanguka, anasema amepona, anaiacha. Kuikata kwa gafula kunaweza kuleta kifafa kikali sana. Munganga njo anapashwa kusema lini na namna gani ya kupunguza. Ku Lubumbashi, kituo cha Docteur Joseph Guislain kinapokea watu wenye magonjwa ya ubongo na ya akili.

Kisha karatasi ile, kila mutu mu nyumba alipata posti. Yaya wangu siku ya posho, mimi kisha masomo, baba siku ya yenga akiwa hana kazi. Mudogo wangu hakupona. Lakini mama alirudia kwenda ku soko, kusali, kulala usiku muzima.

Kwa wenye wangali wanasema "mulozi", wajue: sheria ya 2009 ya kulinda mutoto, kifungu cha 160, inamufunga kutoka mwaka 1 mpaka 3 mutu mwenye kumusingizia mutoto ulozi, pamoja na amande. Na sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu, wadogo na wakubwa.

Ndugu musomaji, kama ku nyumba yako ama ku jirani kuna mutu wa vile, usianze na kuuliza nani alimuloga. Uliza: namna gani anakula, namna gani anasema ndiyo, dawa yake ni saa ngapi. Andika. Kisha sema unakamata posti ya siku gani.

Mama yangu leo amezeeka, baba hayuko tena. Karatasi ya mulango tumeiandika upya mara mingi. Usiku huu posti ni yangu.