Mshauri wa Fedha na Kahawa Inayouzwa Ingali Maua

Januari ni mwezi mgumu kwa kaya nyingi za Ngara na Biharamulo. Maharage ya vuli ndiyo kwanza yanatoka shambani, kahawa bado mbichi mtini, na watoto wanadai sare, viatu na madaftari. Shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye fedha taslimu. Anaingia shambani, anaikadiria mibuni kwa macho, analipa na kuondoka. Mkoa mzima wa Kagera unaijua biashara hiyo kwa jina la butura. Viongozi wameipiga marufuku, na bado inafanyika, kwa kuwa marufuku peke yake haimvishi mtoto viatu.

Wengi hudhani mshauri wa fedha ni wa watu wa mjini wenye mishahara. Mimi naona mkulima wa kahawa anamhitaji zaidi. Mwenye mshahara hupata kila mwezi. Mkulima hupata kwa msimu na kutumia kila siku. Shida yake mara nyingi si uchache wa fedha tu, bali ni fedha kuja Julai ilhali mahitaji yalifika Januari.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mkulima amepokea shilingi 80,000 mwezi Februari kwa gunia ambalo Julai lingemletea shilingi 200,000. Amepoteza shilingi 120,000 kwa miezi mitano. Hiyo ni sawa na kukopa kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi. Kama angekopa shilingi 80,000 zile zile kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, angerejesha shilingi 100,000, na nusu ya thamani ya gunia ingebaki nyumbani. Mnunuzi wa butura hasemi neno riba, ndiyo maana mkulima haioni. Kazi ya kwanza ya mshauri ni kumwonyesha.

Mshauri mzuri haanzi na mahubiri ya kubana matumizi. Huketi na kaya, karatasi ya manila chini, miezi 12 imechorwa. Asiyependa kuandika hutumia kokoto: upande mmoja kokoto za fedha zinazoingia, upande wa pili za zinazotoka. Mahindi, maharage, ndizi, kahawa, mbuzi aliyeuzwa. Kisha mbegu, palizi, dawa, michango ya misiba na harusi. Karatasi ikijaa, miezi mikavu hujionyesha yenyewe, na mazungumzo hubadilika. Swali la nani anafuja huisha, linabaki la jinsi ya kuvuka Januari na Februari.

Mume na mke wawepo wote wawili, na hili nalisisitiza. Katika kaya nyingi za Kagera kahawa ni ya baba, na maharage na mboga ni vya mama. Kila mmoja anajua fungu lake na kulikisia la mwenzake. Mpango uliopangwa na mmoja huvunjwa na mwingine bila hata kukusudia.

Mambo ni tofauti kwa mama lishe wa Nyakanazi, Lusahunga au Benaco, anayewapikia madereva wa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Yeye fedha huiona kila siku, na kila siku huisha. Mtaji wa mchele na mafuta uko mfuko mmoja na fedha ya dawa ya mtoto. Akipungukiwa, anakimbilia mkopo wa kausha damu, wa kurejesha kila siku. Kwake mshauri hahitaji chati ya mwaka. Ampe daftari la mauzo, atenge mtaji asubuhi kabla ya matumizi ya nyumbani, na wapitie pamoja miamala ya simu ya mwezi mmoja ili ayaone makato ya kutoa fedha kidogo kidogo.

Ushauri pia unahitaji mahali pa kuweka fedha. Vikundi vya hisa vyenye sanduku la kufuli tatu, utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, vimeenea hadi vijijini kwetu, na watu wanaviamini. Kasoro ninayoiona ni tarehe ya mgao. Kikundi kikigawana Desemba, fedha huishia kwenye Krismasi. Wanachama wakikubaliana mgao uwe wiki ya kwanza ya Januari, sare zinanunuliwa na kahawa inabaki mtini mpaka iive. Badiliko hilo halina gharama yoyote.

Wapo pia wanaojiita washauri kumbe wanatafuta wateja wa mikopo. Mshauri wa kweli hakuombi namba ya siri, hakushikii fedha, wala halipwi kwa wewe kukopa. Mkopeshaji yeyote mwulize leseni, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Sheria hiyo hiyo inavitaka vikundi vya kijamii visajiliwe, na usajili hufanyika kupitia halmashauri.

Kwa hiyo, kabla hujapokea fedha ya kahawa ambayo haijaiva, fika kwanza ofisi ya kata umwone afisa maendeleo ya jamii. Mwombe akae nawe muipitie hesabu yako, kwani ndiye anayesimamia vikundi. Mwulize pia kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na haina riba.